Siku Ishirini na Moja Ubaoni

Jumatatu, 2 Juni

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Januari sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuugua, sikusafiri, wala sikukuchoka. Nilikuwa na siri, nayo ilikuwa nzito kiasi cha kuiogopa hata karatasi. Leo siwezi tena kujizuia. Naoa!

Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka, nikaizunguka meza mara mbili, kisha nikarudi kuisoma. Haina kosa.

Nina umri wa miaka sitini na tisa. Ni mwalimu mstaafu wa sarufi, mgane kwa miaka minane. Bibi arusi ni muuguzi mstaafu, yule yule aliyemtunza marehemu mke wangu katika wiki zake za mwisho. Siku hizi anaishi ng'ambo kwa binti yake. Tumeandikiana barua miaka mitano. Januari nilimwomba tuoane. Kurasa nne, aya kumi na moja. Alijibu kwa kadi ya posta: "Ndiyo. Usichelewe."

Ndoa itafungwa huko huko kwake, Ijumaa 18 Julai, saa tano asubuhi, katika ofisi ya serikali. Nafasi hiyo ameingoja miezi minne. Karatasi zangu zisipofika kabla ya 7 Julai, nafasi watapewa wengine, nasi tutasubiri hadi mwakani. Katika umri wetu, mwakani ni mbali sana.

Yeye alitaka kuja kuolewa hapa. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ng'ambo. Sababu nitaiandika mara moja tu. Miaka mitano iliyopita jirani yangu, fundi saa wa mtaa, alioa mke wa pili baada ya kufiwa. Akanipa heshima ya kuhutubia. Nikasimama mbele ya watu mia mbili, nikasema kwa kipaza sauti kwamba mwanamume aliyepita miaka sitini akitafuta mke, jueni kwamba anatafuta muuguzi. Watu walicheka mpaka wakapigapiga meza. Hotuba hiyo bado inanukuliwa.

Sasa naoa. Tena muuguzi.

Hakuna mtu wa mtaa huu atakayejua mpaka niwe nimesharudi na pete kidoleni. Hapo nitasema ni jambo la zamani.

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi nzuri! Nimekwenda ofisi ya msajili wa ndoa na jalada jipya la bluu lenye kamba. Ndani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha marehemu, picha nne ambazo ndani yake sitabasamu, kama inavyotakiwa.

Karani wa ndoa alikuwa mwanafunzi wangu. Miaka minne nilimfundisha. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akanieleza taratibu bila kurudiarudia. Nilijivunia. Kinachotakiwa ni cheti cha kuthibitisha kwamba ndoa yangu haina pingamizi. Kisha kitafsiriwe kwa lugha ya huko, kipigwe mhuri wizarani, kipigwe mhuri ubalozini, kitumwe. Nikamwambia ni kazi ya wiki moja.

Akasema ni kweli, wiki moja, baada ya tangazo kukaa ubaoni siku ishirini na moja.

Nikauliza tangazo gani. Akanionyesha kwa kalamu, dirishani. Ubao wa matangazo uko nje, ukutani, unatazama barabara. Jina langu, umri wangu, jina la bibi arusi, kazi yake. Mwenye pingamizi ajitokeze.

Mkabala na ubao huo, hatua kumi na nne (nimezihesabu), kuna kibanda cha fundi saa. Ndiye yule. Mtaani tunamwita Dakika, kwa kuwa kila saa unayompelekea anasema itakuwa tayari baada ya dakika moja. Anakaa hapo toka asubuhi hadi jioni, uso umeelekea ubaoni.

Bado kuna jambo la pili. Lazima shahidi mmoja ale kiapo kwamba sina mke. Awe ananijua kwa miaka isiyopungua kumi, na asiwe ndugu yangu. Nimerudi nyumbani nikaorodhesha wote wanaonijua kwa miaka kumi. Ukiacha wanangu na wanafunzi wangu wa zamani, walio hai ni wawili. Mmoja ni dada yangu mkubwa, ninayeishi naye.

Wa pili ni Dakika.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata mpango. Mzuri hata unanitia kiwewe!

Kwanza niliisimamisha saa yangu kwa makusudi. Kisha nikaipeleka kwa Dakika. Tangu ile hotuba, mimi naye ni salamu tu na kupishana. Alishangaa kuniona. Akaweka ile miwani yake ya jicho moja, akaifungua saa, akasema haina ugonjwa wowote, ila mwenyewe ameisahau. Nikacheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili.

Hapo nikapenyeza. Nikamwambia watu wa pensheni wanasumbua. Wanataka mtu aape kwamba sina mke, ili mafao yangu yakae sawa. Je, angekuwa radhi?

Alinitazama kitambo, jicho moja kubwa kwa kioo, jingine dogo. Akasema kwa jambo la kuthibitisha kwamba mimi sina mke, hata angeamshwa usingizini angeapa. Akauliza kama inahitajika pia kusema kwa nini sina.

Nimeyameza. Kwa ajili ya Ijumaa 18 Julai nitameza mengi.

Alhamisi, 5 Juni

Dakika ameapa! Wakili alimsomea haraka haraka, tena kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mimi nikakohoa palipotajwa neno ndoa. Nilikohoa mara tatu. Kisha Dakika akapewa karatasi atie sahihi, akaiinamia kidogo, akasaini. Hakuuliza neno. Akaniambia tu nikanywe dawa ya kifua.

Saa sita karani akabandika tangazo. Karatasi moja, maandishi madogo. Nilishukuru kwa udogo wake. Lakini jina langu linaonekana kama limewashwa taa.

Nilikuwa nimejiandaa. Chini ya koti nilikuwa na kalenda kubwa ya ukutani, yenye picha ya farasi. Ilikuwa jikoni kwetu. Karani alipoingia ndani na Dakika alipoinama kutafuta springi ya saa iliyomponyoka, nikaitundika. Pini nne. Farasi amelifunika tangazo lote, kwato hadi masikio.

Zingatia, daftari: tangazo lipo ubaoni. Sikuling'oa. Sheria inasema libandikwe siku ishirini na moja, na limebandikwa. Haisemi kwamba pasiwe na farasi.

Nimetembea kurudi nyumbani kama kijana. Dada akauliza kalenda ya jikoni iko wapi. Nikamwambia imepitwa na wakati. Akasema hata mimi, lakini hajanitoa ukutani.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya nne, na farasi amesimama imara.

Ili nisipoteze muda, nimepeleka vyeti viwili vya mwanzo kwa mfasiri aliyeidhinishwa. Kijana mwenye tai nyembamba, ofisi ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Alimaliza mchana huo huo. Kazi safi. Kwa kweli nilifurahi. Nikakaa kwenye benchi la ngazini, nikaisoma yote kwa kuilinganisha na asili, na bila kutambua mkono wangu unafanya nini nikatoa kalamu nyekundu.

Saba kati ya kumi. "Vizuri. Ungeweza kufanya vizuri zaidi."

Nilipiga mstari chini yake, nikatia sahihi.

Nilipofika wizarani, mpiga mhuri aliigeuza ile karatasi juu chini, akaniuliza hiki ni nini. Nikamweleza kwamba ni alama. Akaniuliza nani amefeli. Hati iliyoandikwa juu yake baada ya kuthibitishwa, akasema, si hati tena. Nikapanda tena ghorofa ya tatu. Mfasiri aliitazama alama yake kwa muda mrefu. Hakuuliza habari ya hati. Aliuliza zile alama tatu amezipotezea wapi.

Atairudia. Amesema safari hii atanipa ikiwa imefungwa kwa gundi.

Bibi arusi alipiga simu saa kumi. Sauti yake! Amenunua viatu. Alisema havina kisigino, maana hana nia ya kuanguka mbele ya serikali. Akauliza mambo yanaendaje. Nikamwambia yanakwenda kwa utaratibu. Akauliza majirani wamesemaje. Nikasema wamelipokea kwa utulivu.

Si uongo. Hawajui. Hakuna utulivu unaozidi huo.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kumi na tatu! Tafsiri mpya imepita wizarani na ubalozini. Mihuri miwili, mmoja wa zambarau na mmoja mkavu unaochomoza ukiupapasa. Nimeupapasa mara nyingi. Kimebaki kile cheti cha kutokuwa na pingamizi tu.

Jambo moja linanisumbua. Dakika amekuwa mwema. Mara mbili ameniita kibandani bila sababu. Juzi amenitengenezea mkanda wa saa na hakutaka malipo. Leo ameniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mimi navaa koti saizi gani, na kama suti ya kijivu inamfaa mtu wa rangi yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema fundi saa anapenda kujua vipimo.

Ananikejeli. Nina hakika. Hajui lolote, lakini ananusa. Nimemjibu kwa ufupi, nikaondoka na mkanda wake.

Nilipopita ubaoni nikaongeza pini mbili.

Dada naye ameanza. Amenikuta nikipiga viatu rangi saa mbili asubuhi, siku ambayo siendi popote. Akasimama mlangoni, akasema: "Wewe mtoto, mara ya mwisho kukuona unang'arisha viatu hivi ulikuwa unakwenda kwa wakwe." Nikamwambia usafi ni tabia. Akasema ndiyo, na tabia hiyo huwa inazaa watoto watatu.

Alhamisi, 26 Juni

Siku ya ishirini na moja. Niliamka nikiimba. Nikavaa shati jeupe. Nikatoka na jalada la bluu saa mbili kamili, nikiwa tayari nimeshaandika anwani ya ng'ambo juu ya bahasha.

Nilipokunja kona nikaona watu wamekusanyika ubaoni. Katikati yao Dakika. Mkononi mwake farasi.

Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio.

Dakika alijua tangu siku ya kiapo. Mtu huyu miaka arobaini anasoma maandishi yaliyochongwa ndani ya saa za kike. Mimi nilikuwa nakohoa, yeye alikuwa anasoma. Aliisoma hati yote wakati wa kuinamia sahihi, pamoja na jina la bibi arusi na kazi yake. Kisha akanyamaza. Wiki tatu! Mtu ambaye hawezi kunyamaza wakati anapiga chafya. Hakumwambia mtu ila mkewe, na mkewe akamwambia dada yangu, na dada yangu hakumwambia mtu kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia aliyebaki.

Jana jioni alivuka barabara na simu yake, alipige picha tangazo langu, alitie kwenye fremu, liwe zawadi ya harusi. Hakuliona. Aliona mchumba ni farasi, ambaye toka kibandani alidhani siku zote ametundikwa pembeni ya tangazo. Akapandwa na hasira kwa niaba yangu. Akaenda kwa karani, akashitaki kwamba kuna hasidi anayenihujumu. Leo asubuhi wakang'oa kalenda mbele ya mashahidi, na tangazo likaonekana, jeupe kabisa. Halikuguswa na jua hata siku moja.

Nilipofika, Dakika alinishika bega. Akasema nusura anipotezee mke kwa kuchelewa kuangalia, maana angefika mapema zaidi angemkamata huyo mtu. Akaapa kwamba atakaa zamu hapo mpaka ajulikane.

Karani hakuwa na haja ya zamu. Alikuwa anaitazama kalenda. Kwanza akasema kwa upole kwamba ni ya mwaka jana. Kisha akaigeuza hadi ukurasa wa Machi. Tarehe kumi na mbili palikuwa pameandikwa: "Daktari wa meno, saa nne. Usile karanga." Mwandiko ulionyooka, herufi zinazokaa juu ya mstari kama askari. Miaka minne mtoto yule aliunakili mwandiko huo kutoka ubaoni kwangu.

Alinitazama. Akasema, "Mwalimu."

Sijawahi kuitwa hivyo kwa uzito ule.

Dakika akanitazama mimi, akaitazama kalenda, akanitazama tena. Nikaona saa ikifanya kazi kichwani mwake, jino baada ya jino, mpaka ikagonga. Akatoa mkono begani mwangu. Akavuka barabara, akaingia kibandani mwake.

Karani amenieleza hali ilivyo. Tangazo lilikuwapo ubaoni, lakini halikuweza kusomwa. Yeye hana mamlaka ya kusema kama siku hizo zinahesabiwa. Atamwandikia msajili, na msajili ataamua Jumanne. Zikihesabiwa, nitapata cheti siku hiyo hiyo, na nikikimbiza tafsiri na mihuri, bahasha inaweza kufika kabla ya tarehe saba. Zisipohesabiwa, naanza upya, na nafasi ya 18 Julai imekwenda.

Sijala.

Ijumaa, 27 Juni

Nimempigia bibi arusi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika maelezo kwenye karatasi, hoja sita. Nilifika hoja ya pili.

Aliniuliza nilichokuwa nakificha ni nini. Nikamwambia habari ya ile hotuba. Hakuwa anaijua. Nikalazimika kumnukulia sentensi yenyewe. Nikasikia kitu nilichodhani ni kilio. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka binti yake akaja kuuliza kuna nini, naye akamsimulia, na binti naye akacheka.

Kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu," akasema, "nimewaosha watu miaka thelathini na tano. Siolewi nawe ili nikuoshe. Nakutaka uniandikie barua nikiwa chumba cha pili. Lakini mtu anayenifunika kwa kalenda, huyo simjui."

Nikasema sikumfunika yeye.

"Jina langu lilikuwa hapo chini ya lako," akasema.

Hoja nne zilizobaki hazikuhusu jambo hilo.

Hapo akapanga mambo kama mtu anayepanga wodi. Msajili akikubali Jumanne, nitakwenda ng'ambo. Akikataa, atakuja yeye. Amehesabu: kutoka leo hadi 18 Julai ni siku ishirini na moja barabara. Nibandike leo tangazo la pili, la ndoa ya hapa hapa, liwe akiba. Atapanda ndege na viatu vyake visivyo na kisigino, na tutaoana mbele ya watu wale wale mia mbili. Ila sharti moja. Nimwahidi kwamba sitalifunika.

Nimeahidi. Kwa sauti. Alinitaka nirudie, nikarudia.

Kabla ya saa nane tangazo lilikuwa ubaoni. Majina mawili, maandishi makubwa. Karani amechagua mwenyewe ukubwa wa herufi.

Jumamosi, 28 Juni

Nilikwenda kwa Dakika kumwomba radhi. Nilivaa koti. Nilisimama nje ya kibanda, maana ndani kuna nafasi ya makalio ya mtu mmoja tu, nikasema nilikosa. Nikasema na ile hotuba nayo ilikuwa kosa.

Hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga parafujo. Kisha akasema mkewe siku ile alicheka kuliko wote, na kwamba kweli ni muuguzi mzuri, hasa akikasirika. Kilichomuuma yeye, akasema, ni kudhani alikuwa ananitunzia siri wiki tatu, kumbe siri yenyewe nilikuwa namficha yeye.

"Ungeniambia tu, bwana," akasema. "Ningekutundikia mwenyewe pazia."

Nikacheka. Naye akacheka. Nilihisi kifua kimefunguka, na safari hii sikukohoa. Tumeshikana mikono. Amenipa ile suti ya kijivu, imo katika mfuko wa plastiki, ni yake ya harusi. Mikono mirefu kidogo, lakini mabega sawa sawa. Nimeivaa jioni mbele ya kioo. Dada alipita, akasimama, akanirekebisha kola, akaondoka bila kunitukana. Sijui nimwambie nani jambo hilo zaidi yako.

Nina furaha, daftari! Iwe ng'ambo, iwe hapa, tarehe kumi na nane naoa.

Ila kuna jambo dogo. Wakati wa kuagana, Dakika alisema harusi ikiwa ya hapa, hotuba ataitoa yeye. Ameianza. Ina kurasa tisa. Hakutaka kunionyesha hata moja. Alisema tu kwamba ataanza kwa kuninukuu.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, kwa utulivu. Kila anayesoma tangazo lile ni mgeni mmoja zaidi wa hotuba ile. Nilimwahidi bibi arusi kwamba sitalifunika, na ahadi yangu ni ahadi. Lakini sikusema lolote kuhusu kutundika kitu jirani nalo, kikaning'inia kwa pini moja, ukatokea upepo.

Nimetambua pia nilipokosea mara ya kwanza. Kalenda ilikuwa ya mwaka jana, tena imeandikwaandikwa. Mtu makini angegundua tu. Leo nimepita dukani, nikapata ya mwaka huu. Safi, haina hata nukta ya mwandiko wangu. Ina tembo, ambaye kwa upana anamzidi farasi.

Msajili anaamua Jumanne. Nikishajua kama ni mimi nitakayepanda ndege au ni bibi arusi, nitakaa hapa mezani na suti yangu ya kijivu na kukuandikia yote, kwa wino mweusi, bila kuruka neno.